Risasi Tano Puani mwa Ndege

Baraka, Fizi
Tarehe 14 Septemba 1957

Mpendwa mdogo wangu Jacques,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. U hali gani huko Kamina? Kile kikohozi cha vumbi ulichotuandikia mwezi wa sita kimekuachia? Na shemeji Florentine, na mtoto, wanaamkaje? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua ya kwanza imeanguka juzi, na Godelieve wangu, ambaye mguu ulimsumbua, sasa anakwenda shamba na kurudi bila fimbo.

Nasema wazima wa mwili kwa sababu moyo wangu si mzima. Mara mbili umeniuliza kwa nini mama yako yuko Mboko, na mara mbili nimekujibu kwamba amekwenda kumsaidia shemeji yake kulima muhogo. Nilikudanganya. Mama mdogo Dorothée aliondoka hapa kwa aibu, na aibu ile ilikuwa yangu mimi, mtoto wa dada yake. Nakuomba usome mpaka mwisho, ndipo unitukane.

Jambo lilianza na zawadi yako. Lile boksi lilipofika, lenye picha ya ndege ya vita ya Wadachi, ile isiyo na panga la kuzunguka mbele, inayosukumwa na moto, nilisahau kula. Vipande vya kuunganisha vilikuwa sitini na viwili. Kila Jumapili baada ya misa nilijifungia chumbani na wembe, gundi na vikopo vyako vya rangi. Zile mashine mbili zilining'inia chini ya mabawa kama vibuyu. Rubani hapiti punje ya karanga, lakini nilimpa macho kwa ncha ya sindano. Godelieve alisema hata siku ya harusi yetu sikumtazama yeye hivyo.

Karatasi ya maelezo ilionya kwa Kifaransa: kabla ya kufunga pua, tia risasi ndani, ile madini nzito, kwa kuwa ndege hii ni nzito nyuma, itakalia mkia. Nilijaribu udongo, nikajaribu kokoto. Pua ni nyembamba, havikutosha, na ndege ikakaa kama mbwa mlangoni. Madukani risasi hakuna. Na wiki iliyofuata palikuwa na maonyesho ya kazi za mikono kule Fizi, na Bwana mkubwa wa serikali mwenyewe angepita kutazama. Nilitaka asimame mbele ya meza yangu. Nilikuwa nimeshatayarisha hata Kifaransa cha kumjibu.

Wavu wa kaka yangu Roger ulikuwa umeanikwa nyuma ya nyumba. Nikakata risasi tano zinazouzamisha upande wa chini, pale katikati. Nilijiambia nimekopa tu, nitarudisha nyingine zikitoka Uvira. Na ili Roger asione, nikachonga tano za mti, ukubwa uleule, nikazipaka rangi ya kijivu iliyobaki ya ndege, nikazifunga palepale. Jacques, zilikuwa nzuri! Hata mimi mwenyewe nilishindwa kuzitofautisha kwa macho. Mikono yangu ina akili, kichwa ndicho kilicholala, maana mtoto yeyote wa ziwani anajua kwamba mti unaelea.

Wavu ukaingia majini, katikati ukajiinua, samaki wakapata mlango. Siku ya kwanza Roger alirudi na samaki wanne. Siku ya pili wawili. Siku ya tatu wavu ulipanda umejikunja, umechanika kwenye mawe. Akaanza kuuliza nani alipita pale ulipoanikwa. Mtu mmoja akakumbuka kwamba Mama Dorothée alipita na beseni lake la nguo. Wewe unajua kwetu: mwanamke akiruka wavu, wavu umekufa.

Mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Nilifikiri maneno yataisha yenyewe.

Mama yako alikuja Jumamosi na kuku mweupe mkononi. Alipiga magoti mbele ya Roger, mtoto aliyembeba mgongoni, akasema: "Mi sikumbuke kama niliruka wavu yako, mwana yangu. Lakini kama miguu yangu iliruka, munisamehe." Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, hatua tatu tu kutoka kwake. Kuku akapikwa, tukala pamoja ili jambo liishe. Mimi nilikula paja.

Sijui nikuandikie nini juu ya paja lile. Nililitafuna, nikalimeza, nikanawa mikono.

Jumatatu nikapanda lori kwenda Fizi na ndege yangu ndani ya boksi la sabuni. Ilisimama vizuri kwa miguu yake mitatu, pua chini, mkia juu. Bwana mkubwa alifika, akainama, akasema "Tiens," yaani "Kumbe," akaenda kwenye meza ya vikapu. Kifaransa changu chote kikabaki mdomoni.

Niliporudi, wavu wa Roger ulikuwa bado hauna kitu, na sasa watu walikuwa wakisema kuku alitolewa kwa moyo usio safi. Roger hakumpelekea tena mama yako samaki. Wanawake walinyamaza alipofika kuchota maji. Siku moja akafunga mkeka na sufuria yake, akaenda Mboko. Mimi ndiye niliyembebea mkeka mpaka barabarani. Alinishukuru.

Kilichonivunja ni barua yako ya mwezi uliopita. Uliandika, "Asante kaka Placide kwa kunitunzia mama, hata akiwa Mboko," ukamtumia na kitenge. Nilikiweka mezani kando ya ndege. Siku tatu sikuweza kukigusa, wala kula chakula nikakisikia ladha. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikumwomba mtu yeyote pole.

Siku ya nne nilichukua kisu nikapasua pua ya ndege. Risasi zikatoka, zote tano. Nikamfuata Roger ufukweni mchana, akishona wavu pamoja na wenzake, nikazimwaga mbele yake na kusema yote. Hakuniamini, mpaka alipokata moja ya zile za mti na kuitupa majini. Ikaelea. Wote waliitazama, hakuna aliyecheka. Ningefurahi kama wangecheka. Mwishowe Roger akasema: "We, muntu muzima, karani, umeua jina ya mama juu ya ndeke ya kuchezea?" Akakaa chini, akalia, kwa kuwa magoti yale yalipigwa mbele yake.

Kesho yake tulikwenda Mboko sisi wawili. Nilipiga magoti mlangoni, nikampa kitenge chako na zile risasi. Mama hakupiga kelele. Alizipima kwenye kiganja chake, akauliza, "Njo hizi tu?" Nikasema ndiyo, mama, ni hizi tu. Kisha akasema: "Andikia kwanza mutoto yangu. Mambo yote, na ile kuku pia. Yeye akikujibu, nitarudi Baraka." Akaingia ndani, akatuacha pale nje, mimi na Roger.

Basi nimeandika yote, na kuku pia. Ndege ipo mezani bila pua, imekalia mkia; sitaitengeneza. Ndani ya bahasha hii utakuta kitu kidogo cha kijivu. Ni moja ya zile nilizochonga. Ukitaka kujua kaka yako ni mtu wa namna gani, itie ndani ya kikombe cha maji.

Kaka Roger anakusalimu sana, lakini hathubutu kukuandikia. Godelieve anamsalimu Florentine na kumbusu mtoto. Mama yako hakunituma salamu. Alisema salamu zake haziwezi kupita mkononi mwangu mpaka jibu lako lije.

Mungu akulinde kazini na barabarani, aipe nyumba yako amani niliyoiondoa nyumbani kwa mama.

Mimi wako akupendaye, ambaye kila lori la posta likifika nitakuwa nimesimama barabarani,

Placide