Kibati cha Namba Kumi na Saba

Jumanne, Musoma

Nimekirudisha leo, na hawakukitaka.

Kile kibati cha shaba, chenye namba kumi na saba, kilibaki mfukoni mwangu siku tulipopunguzwa kazi benki. Nilikuwaga nagawa vibati kwa wateja, halafu naita namba zao waende dirishani. Nikajidanganya kwamba nikikirudisha wataona mimi mwaminifu, watanichukua tena.

Nikaingia na mwanangu Neema mgongoni. Ukumbi kimya. Pale walikuwaga wanajaa wakulima wa pamba wa Bunda mpaka nje. Karani niliyekuwaga namwitia wateja, Mama Rhoda, alikuwa peke yake dirishani.

"Bhoke! Huyo mgongoni ni wako au umeazima?"

Tukacheka. Nikamwonyesha kibati.

"Vibati tulishatupa, mdogo wangu. Siku hizi wanapanga mstari tu. Hata mimi nimepewa barua, mwisho wa mwezi naondoka."

Kazi sikuomba tena. Ningemwombaje yeye?

Naogopa. Baba Neema naye anasubiri barua kama hiyo kule kiwandani anakofanya kazi, na sisi...

Jioni Neema alikuwa anaburuza sufuria uani. Nikashika kibati, nikaita kwa sauti yangu ya benki: "Kumi na saba!"

Akaacha sufuria, akaja anatambaa mbiombio.