Jumapili Yangu Imeliwa na Vikao

Mpendwa Shangazi Bernadeta, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nahitaji msaada wako kabla ya Jumapili inayokuja, kwa sababu siku hiyo natakiwa nimpe mchungaji wetu jibu, na nikimjibu ndiyo naumia, nikimjibu hapana naumia vilevile, na mtu wa kumwambia habari hii hapa mtaani sina, maana wote wako kwenye kamati.

Mimi ni fundi cherehani hapa Igoma, nina mume na watoto wawili, kwetu ni Kagera na ni Walutheri tangu kwa babu. Chumba cha kazi nimepanga na mwenzangu anaitwa Sabina, yeye ni Msabato, na kazi yetu kubwa ni nguo za harusi, magauni na sare za wasimamizi. Sasa Shangazi, unajua mwenyewe kwamba harusi nyingi Mwanza hii zinafungwa Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa ndiyo siku ambayo chumba chetu hakina hata pa kuweka mguu, na ndiyo siku hiyohiyo ambayo Sabina, jua likianza kushuka, anazima pasi, anaokota pini zake chini, anafunika cherehani kwa kanga na kwenda zake nyumbani.

Mwanzoni nilikuwa nakasirika sana. Nakumbuka Ijumaa moja aliingia mama wa bibi harusi na gauni lililombana binti yake kifuani, akamkuta Sabina ndiyo kwanza anaifunga ile kanga.

"Wewe dada, binti yangu anaolewa kesho!"

"Hongera sana mama," Sabina akasema, wala hakufungua kanga. "Odeta huyu hapa, na hilo gauni tulilikata wote wawili. Mimi umenikuta nimeshafunika."

"Ni dakika tano tu!"

"Mama yangu, nikikupa wewe tano, huyo anayekuja nyuma yako ataomba kumi, mpaka giza liingie nitakuwa nimeigawa jioni yote, na Mungu nitampa nini? Mabaki ya kitambaa?"

Akamshika yule mama mkono, akamwombea binti, akaondoka. Yule mama akanigeukia mimi, "Huyu mbona anaringa hivi?" nami nikajikuta namjibu, "Haringi mama, ni siku yake hiyo, lete gauni." Tangu hapo nimekuwa kama mlinzi wake, Jumamosi wateja wakimkosa kwenye simu wananipigia mimi, nami nawaambia Sabina hapatikani mpaka jua lizame, na usiende kumgongea nyumbani, ukienda mimi na wewe tutakosana, na sasa wamezoea, hata wale wakorofi.

Kisha Jumamosi moja umeme ulikatika mchana nikafunga mapema nikapita kwao. Shangazi, nilichokikuta sijui nikueleze vipi maana hakikuwa kitu kikubwa. Chakula walikuwa wamekipika Ijumaa, viazi na sato, wamekula, na Sabina ameketi kwenye mkeka pamoja na mama mkwe wake wanacheka kuhusu mbuzi fulani wa zamani aliyekula kitabu cha nyimbo, mumewe amelala na mtoto kifuani, na hakuna aliyeruka kunitafutia soda, nilisogezewa tu nafasi mkekani. Akaniuliza habari za mama yangu anayeumwa miguu, akanisikiliza mpaka mwisho. Nafanya kazi na mwanamke huyu kila siku, tunapigiana kelele juu ya lesi na vifungo, na sikuwahi kujua kwamba ana sauti ya taratibu namna ile.

Nilirudi nyumbani nikimkumbuka bibi yangu kule Kagera, ambaye Jumamosi jioni alikuwa anatandika nyasi mpya sebuleni, anamenya ndizi za kesho, na Jumapili baada ya ibada hakuna aliyeshika jembe wala aliyeuliza jembe liko wapi. Nikajiuliza, Odeta, siku hiyo uliiacha wapi? Maana mimi Jumapili nilikuwa natoka kanisani nakwenda moja kwa moja kushona.

Nikaongea na Sabina. Akacheka, "Na wewe na siku yako ya kwanza ya wiki!" Nikamwambia, "Na wewe na Ijumaa zako za kukimbizana na jua!" Tukakubaliana kwamba Jumapili atafungua yeye, mimi nipumzike, kama mimi ninavyofungua Jumamosi. Mume wangu, Revocatus, alifurahi kuliko mimi. Yeye ni msimamizi wa ghala la pamba Sengerema, anavuka na kivuko Jumamosi jioni na kurudi Jumapili jioni, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku pekee tuliyonayo. Ile ya kwanza tulitoka kanisani, tukala, yeye akalala mkekani, mimi nikamsuka binti yetu Sharon, kisha wote tukamsindikiza mpaka kivukoni, na Sharon akaniuliza, "Mama, leo kuna sikukuu gani?"

Kosa langu, Shangazi, ni kwamba nilifurahi nikasimulia. Mimi ni mtu wa utaratibu, mambo yangu naandika kwa tarehe tangu nikiwa sekondari, na watu wa usharika wanalijua hilo. Mzee Rwehumbiza, ambaye ni mzee wa kanisa, akaja kunishika mkono nje ya ibada: "Odeta mwanangu, tumesikia siku hizi Jumapili hushoni. Bwana asifiwe! Sasa utatusaidia." Nikawa katibu wa kwaya. Halafu katibu wa kamati ya harusi ya mtoto wa mwenyekiti wa kwaya, halafu ya jirani yake, maana walisema mihtasari yangu inasomeka, na vikao vyote hivyo, unavijua, vinakaa Jumapili mchana.

Jumapili ya tarehe 9 nilikuwa kwenye kikao Igogo, tukabishana juu ya ukumbi, tukabishana juu ya MC, tukafika kwenye rangi ya keki, na niliporudi nyumbani nikakuta vyombo vimeoshwa, watoto wameshakula, sahani yangu imefunikwa, na Revocatus ameshaondoka. Nikampigia.

"Mbona hukunisubiri, baba Sharon?"

"Kivuko hakina kamati, mke wangu. Saa yake ikifika kinaondoka."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikasikia injini ya kivuko, kisha akasema, "Wiki ijayo nisije? Kama ni kukaa peke yangu Jumapili, hata Sengerema nina kiti." Na kweli Jumamosi iliyofuata hakuja, alisema ana kazi ya hesabu ghalani, na mimi nilijua hana.

Sabina naye ameniuliza, "Hivi wewe mbona Jumatatu unakuja umechoka kuliko ulivyoondoka Jumamosi?"

Sasa juzi mchungaji ameniita, anataka niwe katibu wa kamati ya ujenzi wa kanisa jipya, vikao kila Jumapili baada ya ibada mpaka jengo liezekwe. Sitakuficha, moyo wangu uliruka, maana ni heshima na naamini naiweza kazi hiyo. Lakini namwona mume wangu kwenye kile kiti cha Sengerema. Na tena naogopa, niliweza kuacha kushona kwa ajili ya Mungu, je, hii ambayo ni kazi ya Mungu mwenyewe nitaiachaje kwa ajili ya kulala mkekani? Nisaidie Shangazi, nimjibu nini mchungaji, na nimwambie nini mume wangu?

Odeta, Igoma.

*

Marahaba, Odeta mwanangu.

Kwanza nikupe sifa unazostahili, maana kukusema nitakusema tu. Umeishi chumba kimoja na mtu mwenye siku tofauti na yako, na badala ya kubishana naye nani amesoma Biblia vizuri, ukakaa mlangoni kuilinda siku yake. Wakristo wangapi unaowajua wamefanya hivyo? Nimemsoma huyo Sabina nikatamani kumpelekea sufuria ya chai. Na huyo Revocatus, aliyevuka ziwa kuja kumwona mkewe, akamkosa, akaosha vyombo na kufunika sahani yake kabla ya kuondoka, usinichezee mtu huyo.

Sasa nisikilize. Ulifunga kazi Jumapili, hilo ni jema, lakini mlango uliuacha wazi. Siku iliyo wazi hapa kwetu haikai bure, ataingia mwenye kikao. Wewe ulidhani kupumzika ni kutoshika cherehani. Mbona Sabina Jumamosi hashiki cherehani, wala hashiki kalamu, wala habishani juu ya rangi ya keki ya mtu? Na mbona yule mama wa bibi harusi alipoomba dakika tano Sabina alimwambia waziwazi kwamba baada yake atakuja mwingine? Uliyasikia maneno hayo kwa masikio yako, ukayasifu, ukayaandika mpaka kwangu, halafu Mzee Rwehumbiza alipokuja ukampa tano zako, na waliomfuata wakachukua zilizobaki.

Usimlaumu mzee. Aliona mtu hodari amekaa bure, akashukuru Mungu. Hakuna aliyemwambia kwamba hujakaa bure.

Unasema hii ni kazi ya Mungu mwenyewe. Sikatai, na kanisa lijengwe, nami nitachangia bati. Lakini hebu soma tena ile amri taratibu. Inasema siku sita fanya kazi zako zote, na siku ile usifanye kazi yoyote, wewe, wala mwana wako, wala binti yako. Haikusema "isipokuwa mihtasari." Sharon alikuuliza leo kuna sikukuu gani. Mtoto alishaielewa siku hiyo kabla hujaelewa wewe, na tangu hapo hajaiona tena.

Na kuna jambo moja umelipitia haraka kwenye barua yako, moyo wako kuruka. Vizuri kwamba umelisema. Kupendwa na kuhitajiwa ni kutamu, mwanangu, kutamu kuliko mkeka. Mkekani hakuna anayekupigia makofi. Ndiyo maana kupumzika kunahitaji imani: unakaa, na kamati inaendelea bila wewe, na mihtasari inaandikwa na mwandiko mbaya wa mtu mwingine, na kanisa linapanda vilevile.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, kabla hujashona kitu, mpigie mume wako. Usimweleze habari za kamati, ameshazisikia za kutosha. Mwambie, "Jumamosi njoo, nitakuwa kivukoni kukupokea." Kisha uwe kivukoni kweli.

Mchungaji usimsubirishe mpaka Jumapili, nenda kwake katikati ya wiki, ukae, useme: "Baba mchungaji, nashukuru kwa heshima hii. Mume wangu yuko nyumbani Jumapili tu, nami siku hiyo nimeiweka kwa ajili ya Bwana na nyumba yangu. Kama kamati inaweza kukaa Jumatano jioni, mimi ni katibu wenu. Kama haiwezi, chagueni mwingine, nami nitamfundisha kuandika mihtasari." Halafu nyamaza. Usiongeze "labda." Mchungaji mwenye busara atakushukuru, huenda na yeye ana mke anayekula peke yake Jumapili. Akikasirika, atatulia.

Kwaya, imba kama kuimba kunakuburudisha, ukatibu wape. Zile harusi mbili maliza ulichokianza, ila waambie kabisa kwamba Jumapili hukai kikao, wakiona shida watakuachia wenyewe. Na nisikusikie umekuwa kama askari wa Jumapili, jirani akiumwa nenda, mgeni akija sogea mkekani. Chakula kipikwe Jumamosi, na Revocatus, kwa kuwa mikono yake tumeshaona inajua sinki, amenye ndizi pamoja nawe. Siku ya kupumzika inayomchosha mama wa nyumba ni ya wengine, yake haijafika.

La mwisho ndilo kubwa. Kulinda siku unajua, umeifanya kazi hiyo kwa ajili ya Sabina na hata wakorofi wamezoea. Shida yako ni kwamba mlangoni kwako hakuna mtu. Basi mwombe Sabina. Wewe ulimlinda bila kuombwa, atakulinda kwa furaha, na kwa yale majibu yake namwonea huruma huyo mwenye kikao atakayempigia.

Jumamosi hii baki kwenye chumba chenu cha kazi mpaka jua lizame. Sabina atakapoingia kufungua kanga kwenye cherehani yake, ipokee kanga hiyo mkononi mwake, funika yako, mpe na simu yako, kisha uende kivukoni.