Mtetemo wa Heshima

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha dharura karakanani, saa mbili asubuhi, hata chai sijanywa. Meneja mpya kaja na suti nyeusi — suti, kwenye nyumba ya udongo! Akakaa kwenye kigoda cha Fundi Vikapu bila kukipangusa. Aliponyanyuka alikuwa na duara jeupe makalioni. Hakuna aliyemwambia. Mimi ndiye niliyewakonyeza wenzangu wanyamaze.

Habari zenyewe lakini hazichekeshi. Karakana itageuzwa kituo cha kidijitali. Meza kumi za sisi wafinyanzi zitabaki nne. Nafasi nyingine ni za mashine zinazokamua udongo kama dawa ya meno mpaka unakuwa chungu. Atakayebaki ni mwenye cheti. Cheti ni kwa mtihani. Na mtihani utatoka kwenye kitu kinachoitwa Hifadhi ya Mikono: wataturekodi mikono tukifanya kazi, kompyuta itachagua mikono bora ya kila ufundi, kisha sote tutapimwa kwa mikono hiyo.

Meza yangu ni ile ya dirishani, hatua tano kutoka kwenye tanuri. Miaka ishirini na mbili nipo hapo. Kabla yangu alikaa mama. Sitoki. Wakitaka kunitoa wanibebe na meza yenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Leo zamu yangu ya kurekodiwa.

Mtaalamu ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, miwani mikubwa, bangili mpaka karibu na kiwiko. Kanivisha glovu nyeusi zenye vitaa na nyaya. Kamera inaangalia mikono tu. Sura haimo, sauti haimo, jina halimo, ili kompyuta isimpendelee mtu. Mimi ni Mikono Namba Saba.

"Mama, usiruke hatua hata moja." Kalisema hilo mara kumi na moja. Nimehesabu.

Mambo yakaenda vizuri mpaka kwenye kitako. Hapo ndipo pana lile jambo la mama. Kabla hujaanza kufunga shingo ya chungu, unaingiza dole gumba ndani, unakandamiza pale kitako kinapokutana na ubavu, unazunguka kinyumenyume mpaka ulipoanzia. Usipofanya hivyo kitako kinapasuka motoni. Mengine yote mama alinifundisha kwa mdomo, tena kwa kufoka. Hili hakusema neno. Alinishika dole gumba langu kwa mkono wake, tukazunguka pamoja. Mara moja tu. Mwaka ule ule akafariki.

Sasa hili nizipe glovu? Hapana. Nikasema zinaniwasha, nikazivua, nikampa mgongo kama ninayetafuta kitambaa. Dole gumba likaingia, likazunguka, likatoka. Nikavaa glovu zangu tena, nimejitia hamnazo kabisa.

Lakini yule mwanamke ana macho. Akauliza hapo kati nimefanya nini, maana ana sekunde arobaini ambazo hazina kitu.

Sijui shetani gani alinipitia. Nikamwambia ndipo tunapokipigia chungu hodi.

"Hodi?"

"Hodi. Kwa kifundo cha kidole, mara tatu. Kikinyamaza, unaendelea."

"Na kikijibu?"

"Unakimbia."

Akaandika! Akaniomba nifanye. Nikagonga ya kwanza taratibu. Nikagonga ya pili. Wakati huo Wifi, dada wa mume wangu, anayeuza vyungu vyetu dukani mbele, alikuwa ameingia na chai na kusikia yote. Kasimama nyuma ya Mtaalamu, kiganja mdomoni, macho yamemtoka pima. Ya tatu niligonga huku nimebana kicheko mpaka mkono ukatetemeka kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejuta? Kidogo. Kama robo kijiko.

Wifi tangu jana anapiga hodi kopo la sukari, mlango wa friji na paji la uso wangu.

Jumatatu, 24 Machi

Hifadhi imefunguliwa. Skrini kubwa kama mlango wa gereji, ukutani pale tunapoingilia. Mikono bora ya vyungu iliyochaguliwa na kompyuta: Namba Saba.

Yangu! Nilitaka kupiga kigelegele mbele ya watu. Mikono yenyewe, ukubwa wa mtu mzima, inakanda, inainua, inalainisha. Sikujua kama ni mizuri hivyo. Nilimwona mama kwenye vifundo.

Kisha ikaja hodi. Chini yake maandishi ya dhahabu, nimeyanakili neno kwa neno: "Hodi ya Chungu. Katika pigo la tatu mkono hutetemeka kwa sekunde moja na nusu. Huu ni mtetemo wa heshima."

Wifi akakimbilia stoo. Tukamsikia nyuma ya ukuta. Meneja akauliza nani analia.

Mchana nikaenda ofisini kwa Meneja kumwambia Saba ni mimi. Hakuinua hata kichwa. Akasema tangu asubuhi mimi ni wa nne kuja na maneno hayo, na orodha ya majina imefungwa mpaka mitihani iishe ili haki itendeke. Wa nne! Kumbe mmoja wao ni Fundi Vikapu, mtu ambaye maisha yake yote hajashika udongo ila kwa kuanguka.

Na nikisema hodi ni mzaha wangu? Nitakuwa ndiye niliyeharibu mradi, na meza imekwenda siku hiyo hiyo. Nimefunga mdomo.

Ijumaa, 4 Aprili

Hodi imesambaa mtandaoni. Watu wanapiga hodi vikombe vya plastiki na kujirekodi. Mmoja kapiga hodi sufuria ya bati, ikasikika nyumba nzima, mtoto akaamka. Imetazamwa kuliko harusi zote za ukoo wetu.

Leo mteja mmoja, mama mtu mzima, kachukua chungu changu. Kakizungusha, kakipapasa, kakizungusha tena. Anatafuta alama tatu za vifundo. Hakuna. Akanirudishia kwa huruma, akasema hiki si cha asili. Akanunua cha Jirani, wa meza ya pili, chenye mabonde matatu kama kimepigwa na mawe.

Wifi kashauri nami nitie mabonde. Nikakataa kwa hasira. Mchana nikatia mabonde matatu kwenye chungu kibichi kimoja, kwa mpini wa kijiko, nione tu. Kimewekewa oda kabla hakijakauka. Nimecheka, halafu nimeona aibu, halafu nimecheka tena.

Jumatano, 9 Aprili

Leo sina la kucheka.

Jirani kafungua tanuri. Vyungu tisa, saba vina ufa kitakoni. Amefuata Namba Saba hatua kwa hatua, na zile njia zake za zamani, ambazo angalau zilimpa nusu ya vyungu vizima, kaziacha. Vya mashine, nazo zimefundishwa na Hifadhi, vimepasuka vyote. Meneja anasema watu hawapigi hodi kwa dhati.

Jirani akaja kwenye meza yangu, kavaa aproni yake ya maua, macho mekundu. Ana watoto watatu na mume asiye na kazi. Akaniomba nimtazame anavyopiga hodi.

"Shoga, labda sitetemeki vya kutosha."

Nikamtazama akigonga. Nikasema unagonga vizuri.

Mimi najua kinachokosekana. Ni mimi niliyekiondoa, nikaweka upuuzi mahali pake. Vyungu vyangu havina ufa hata mmoja. Nimerudi nyumbani, sahani nimeirudisha jikoni ilivyo. Mume wangu kauliza kama naumwa, nikamwambia ndiyo, jino.

Jumatatu, 14 Aprili

Mtihani.

Mkaguzi katoka makao makuu na kishikwambi. Mtu mpole, anasema samahani kabla ya kila neno. Nikavishwa glovu. Kwenye skrini Namba Saba anafinyanga, nami nafinyanga chini yake, alama zinapanda. Kukanda, nimepata zote. Kuinua ubavu, zote. Kulainisha, zote. Nikaanza kujisikia.

Sekunde arobaini za kitako hazina alama, maana hazimo. Nikaziruka. Mkono uliniuma kuziruka.

Kisha hodi. Ya kwanza, ya pili, ya tatu — mkono mkavu kama mwiko. Hautikisiki. Nikajaribu kuutikisa, ukatikisika kama wa mtu anayefukuza nzi. Kompyuta ikalia. Sitini na moja. Kufaulu ni themanini, na mtetemo peke yake una alama thelathini.

Mkaguzi akaniinamia kwa upole. "Samahani, mama. Hodi yako haina moyo. Jaribu kumwangalia Namba Saba."

Nikasema nitamwangalia.

Jirani kapata themanini na nne. Yeye anatetemeka kwelikweli, kwa hofu. Nimefurahi kwa ajili yake, naapa. Watatu wameshafaulu, imebaki meza moja. Marudio ni Alhamisi saa nne kamili. Atakayechelewa amefeli.

Jumatano, 16 Aprili

Siku nzima natafuta kicheko.

Wifi kafanya kila awezalo. Katembea kama Meneja, na duara la unga makalioni. Kanitekenya. Kasimama nyuma ya kabati na kiganja mdomoni, macho pima, kama siku ile. Namtazama tu, nimekauka kama gogo. Nikiinua kidole naiona meza yangu, dirisha, ile alama ya kiwiko cha mama kwenye ubao.

Mwisho nikamkumbuka mama akinishika dole gumba, na mkono ukatetemeka wenyewe. Machozi yakanitoka. Wifi alikuwa anapima kwa simu.

"Hizo ni sekunde nne, wifi," akasema. "Zimezidi."

Hapo ndipo tukacheka. Kicheko kimekuja, glovu hazipo.

Alhamisi, 17 Aprili

Naandika stoo, nimekaa juu ya ndoo, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia una udongo. Niandike haraka.

Saa tatu na dakika arobaini nilikuwa hapa nakanda udongo wa mtihani. Mtaalamu kaingia, kafunga mlango kwa komeo. Sikuwa nimemwona tangu siku ya kurekodi. Akasema anajua Saba ni mimi. Nikamwuliza kwa orodha? Akasema kwa vyungu. Vyote vya Hifadhi vinapasuka kitako, vya meza ya dirishani havipasuki.

Nikamwambia basi aende kwa Mkaguzi aseme, nami nitaungama ule mzaha wa hodi. Akavua miwani akaipangusa. Akasema kuhusu mzaha alijua siku ile ile: alimwona Wifi kwenye kioo cha kompyuta, nyuma yake, anakufa kwa kicheko.

"Sasa mbona ukaandika heshima?"

"Meneja alitaka sentensi nzuri, mama. Nikampa."

Tukatazamana. Kumbe tuko wawili!

Lakini hakuja kucheka. Kasema akiniambia tu kwamba hodi ni uongo, Hifadhi itabaki na tundu, na Meneja hataki tundu, ataacha hodi ikae. Akipata zile sekunde arobaini atazitia mahali pake, ataondoa hodi na mtetemo wake, na alama zitahesabiwa upya, za kila mtu. Akatoa glovu mkobani.

Nikamwambia glovu hapana.

Akasema muda hakuna.

Nikamwambia hatua ile ninayo hapa mkononi, ataipata kama nilivyoipata mimi, na akishaipata akaiweke anapotaka. Amfundishe na Jirani, aifundishe na mashine, shauri yake. Nilishangaa nilivyosema kwa wepesi. Nilidhani itaniuma.

Akavua bangili, moja moja, akazitia mfukoni. Akakunja mikono ya blauzi. Nikamweka mbele ya chungu changu kibichi cha mazoezi, nikalishika dole gumba lake. Laini, kucha imepakwa rangi. Likaingia ndani. Akakandamiza mno, nikampunguza. Akaenda mbele, nikamrudisha kinyumenyume. Tumezunguka robo, tumezunguka nusu. Sikusema neno, sina maneno ya jambo hili, sikupewa. Baada ya nusu nikamwachia aendelee mwenyewe, nikachukua daftari. Sitaki kuliandika hili kesho kwa kukumbuka.

Saa nne na dakika moja.

Dirishani nakiona kichwa cha Wifi. Anaonyesha saa ya mkononi, anaonyesha mlango, anaonyesha saa.

Mtaalamu kafika robo tatu. Ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Akiacha hapa kitapasuka.

Hatua kwenye korido. Viatu vya Meneja na vile vya Mkaguzi.

"Samahani. Hodi."

Kagonga kwa kifundo cha kidole. Mtaalamu kaniangalia. Nimemtikisia kichwa. Azunguke.

Hodi ya pili. Mtaalamu kabana midomo, mabega yanaruka, dole gumba linatetemeka ndani ya chungu changu. Nami huku kalamu inanichezacheza.

Bado upana wa vidole viwili afike tulipoanzia. Hatujibu.