Barua Iliyosomwa Mara Mbili

Kinoo, Jumanne, Agosti 1971

Mawingu hayajafunguka tangu asubuhi. Manyunyu yanadondoka kidogo kidogo, yanaacha, yanaanza tena. Shule imefungwa, vitabu vyangu vya Kidato cha Nne viko mezani, na sijafungua hata kimoja.

Leo nimepoteza nafasi yangu katika chuo cha wauguzi. Nimeipoteza mwenyewe.

Nimekuwa kwenye orodha ya kusubiri tangu Kidato cha Pili. Wasichana ni wengi, vitanda vya bweni ni vichache, na jina hupanda polepole mpaka unasahau kwamba linapanda. Mwezi wa Mei nilikuwa wa tatu.

Hapa kwetu barua zote hupitia sanduku la posta la kanisa. Mzee Kamau, mzee wa kanisa, husoma majina baada ya ibada ya pili. Ukiitwa, unapita katikati ya watu wote kwenda kuichukua yako. Asipojitokeza mtu, Mzee hutia alama ya penseli nyuma ya bahasha, akaitunza hadi Jumapili inayofuata.

Mimi nimepita mbele mara tatu, na mara zote barua ilisema niendelee kusubiri. Mara ya tatu mama mmoja alisema kwa sauti, "Huyu atakuwa nasi akiwa na wajukuu!" Benchi zima likacheka. Tangu siku hiyo natoka wimbo wa mwisho unapoanza. Mama huenda ibada ya kwanza, kwa hiyo hakujua.

Jana Mzee alikutana na Mama njiani akampa bahasha. Nilimsomea. Nilitakiwa kufika kwa usaili Ijumaa iliyopita.

Mama alijifunga leso kiunoni akaenda moja kwa moja hadi langoni kwa Mzee. Nilimfuata. Wakwe zake Mzee walikuwa uani wakinywa chai.

"Barua ya mtoto wangu umeikalia kama kuku na mayai!" Mama alifoka.

Mzee alivua kofia. "Nisamehe, Mama Wanjiru. Nilidhani niliisoma. Labda nilisahau. Siku hizi nasahau."

Nyuma ya ile bahasha kulikuwa na alama mbili za penseli. Nilikuwa nimeziona.

Nilinyamaza.

Asubuhi tulienda mjini, kwenye ofisi ya chuo. Karani alifungua daftari na kutuonyesha jina langu, limepigwa mstari mwekundu. Msichana aliyenifuata ameshachukua nafasi. Mama alimweleza habari za Mzee, naye karani akamhurumia.

"Sikiliza, mama. Kuna mmoja aliyechaguliwa hajaleta cheti, huenda nafasi yake ikabaki wazi. Huyo mzee aandike kwamba aliichelewesha barua, mniletee Ijumaa, nimpelekee metroni anayewapokea wanafunzi. Bila hivyo binti ataanza tena kutoka mwisho."

"Ataandika leo leo," Mama akasema.

Njia nzima ya kurudi alikuwa na furaha. Alizungumza juu ya sanduku langu la bweni na nani atakayelipaka rangi. Mimi nilitazama dirisha la basi lenye ukungu nikajiambia kwamba Mzee ni mtu mwema, ataandika, hatadhurika. Nilijiambia hivyo mpaka tukashuka.

Mama alipochukua shali yake kwenda kwa Mzee, nilisimama mlangoni.

"Alilisoma jina langu, Mama. Jumapili mbili. Nilikuwa nimetoka nje."

"Ulitoka kwenda wapi?"

"Nyuma ya kanisa. Niliona haya."

Mama aliketi juu ya debe la maji. Kisha akasema, "Nimemfokea mzee wa watu mbele ya wakwe zake. Vaa viatu."

Kwa Mzee nilisema yote. Nilingoja anikemee. Badala yake alijishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetua mzigo.

"Asante, mtoto wangu. Nilianza kufikiri kwamba akili inaniacha. Babangu ilimwacha hivyo hivyo, alisahau hata sisi. Tangu jana nimekuwa nikihesabu majina ya wajukuu, nione kama bado yapo yote."

Barua aliyoitaka karani hatukuiomba.

Sasa nimerudi. Mama anamenya viazi na hanisemeshi. Ijumaa nitaenda mjini peke yangu niandikishwe upya, kwenye ukurasa wa mwisho. Labda mwaka mmoja, labda miwili. Hilo naweza kulibeba.

Ila nilitaka kuwa muuguzi, nami nilimwona mzee akiogopa, nikiwa na dawa yake mdomoni, na nikamwacha aogope siku nzima. Wakiniita tena na kuniuliza kwa nini naitaka kazi hii, nitawajibu nini?