Gari Limenyamaza

Jumanne, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu. Baba hasikii.

Si kwamba hasikii kabisa. Anasikia mlango ukibamizwa, anamsikia mama akipaza sauti. Lakini gari lake kuukuu linagonga nyuma — kila shimo, ngo ngo ngo, kama mtu kafungiwa kwenye buti — naye anaendesha ametulia tuli. Watoto wa chekechea anaowapeleka asubuhi wanauiga ule mlio na kuangua kicheko. Yeye anadhani wanaimba. Leo mama kamwambia tena alipeleke kwa fundi. Akajibu gari ni zima, mwenye kelele ni mama. Mama akacheka. Mimi sikucheka.

Wiki iliyopita lori lilitupigia honi kwa nyuma, ndefu, mpaka nikainama kwenye kiti. Baba hakustuka hata kidogo.

Nikisema, nani atampa mtoto wake dereva wa namna hiyo? Kazi yake ni hiyo tu. Nisiposema — na wale watoto je?

Alhamisi, 6 Machi

Mama kashinda. Jumamosi tunakwenda kwa Fundi Bado. Jina lake halisi silijui. Ukimuuliza gari tayari, jibu ni "bado kidogo".

Mezani nilimwambia baba nimefaulu hesabu. Eh? Nikarudia. "Sema vizuri, mwanangu, usimeze maneno." Nikamwambia basi, si kitu.

Siku zote nimejilaumu mimi. Sauti ndogo, aibu nyingi — hata walimu wanalalamika, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Leo nimewaza labda si mimi peke yangu. Nikafurahi. Halafu nikaona haya kwa kufurahi.

Jumamosi, 8 Machi

Gereji asubuhi nzima. Fundi kapandisha gari kwa jeki, akatingisha gurudumu la nyuma, akaniita nione bushi: ile raba nene ndani ya bomba la chuma, pale mkono unaoshika gurudumu unapofungwa kwenye bodi. Imepasuka kama kisigino kikavu. "Chuma kinabusu chuma," kasema, "halafu mnauliza kelele za nini."

Bushi ya kulia ilitoka kwa presi, ile mashine ya kukandamiza. Akashindilia mpya, akarudisha mkono, lakini boliti kaiacha legelege mpaka gari lilipokanyaga chini. Nikauliza kwa nini asikaze kabisa. Mimi, nimemuuliza mtu nisiyemzoea! Akasema ukikaza gari likiwa linaning'inia, raba inazaliwa imepinda. Likishuka inajinyonga, na mwezi hauishi imechanika. Wacha kwanza libebe uzito wake.

Boliti ya kushoto imeshikana na kutu. Mafuta, nyundo, moto — wapi. Fundi kasema ataikata wiki ijayo. Kwa sasa kelele itapungua, haitaisha. Alimwambia baba hayo akiwa chini ya gari, miguu tu inaonekana. Baba akaitikia: sawa, sawa fundi.

Tukalijaribu, sisi watatu. Shimo la kwanza: ngo. La pili: ngo ngo. Baba akapiga usukani kwa kiganja, uso umemchangamka. "Mnaona? Kimya! Kama limetoka dukani. Fundi, Mungu akuzidishie."

Fundi alikuwa kafungua mdomo. Akaufunga. Akanitazama kwenye kioo. Nikatazama magoti yangu.

Tuliporudi akanivuta kando. Akauliza, mzee ameanza lini kutosikia? "Si mtu wa kukasirikiwa," kasema. "Masikio yana daktari wake. Ila anabeba watoto wa watu, huyu. Nikimwambia mimi atanuna, atahama gereji. Wewe atakusikia." Kisha kajishtukia, akajikuna kichwa na spana.

Jumapili, 9 Machi

Baba kamsimulia mama, kawasimulia majirani: gari limenyamaza. Mama kafurahi, kasema basi leo twende wote kwa shangazi. Atakaa mbele. Atasikia kabla hatujafika kwenye kona. Atamcheka kwanza, ndivyo walivyo hao, kisha ataacha kucheka. Na baba atatutazama mmoja mmoja, asijue kuna nini.

Sitaki ajue hivyo.

Asubuhi nilimfuata akiosha gari. Nikasema, baba. Maji yanamwagika, hakugeuka. Ningeweza kupiga kelele — lakini jambo kama hili linapigiwaje kelele? Nyumba nzima ingesikia isipokuwa yeye.

Nikawaza nimwandikie. Nikamwona akisoma peke yake, miwani puani, hana wa kumuuliza. Hapana. Inabidi nikae karibu, nimtazame usoni, niseme kwa sauti nene, neno baada ya neno. Mimi, ambaye nikiitwa jina darasani natamani dawati linimeze.

Tena nimwambie si mwisho wa kazi. Aende kwa daktari kwanza. Hilo nianze nalo? Au nimalizie nalo?

Nyayo ukumbini. Ni yeye, keshavaa viatu, anakuja kuniita tuondoke. Mama bado anaoga, namsikia akiimba. Nafunika ukurasa. Akiingia nitamwomba afunge mlango, akae hapa karibu yangu.