Wimbo Ambao Zawadi Hakuuimba

Jumapili, mwezi wa tano. Mvua nyembamba hapa Fittja, mtaa wetu huku Uswidi, ile isiyolowesha wala kukoma. Sikwenda kanisani. Wangeniuliza habari za jana.

Jana zilitolewa tuzo za michezo ya kuigiza ya muziki ya shule za sekondari. Binti yangu Zawadi alikuwa mmoja wa wasichana watatu waliokuwa wanawania tuzo ya mwigizaji bora. Wanafunzi wa shule yao walitunga wenyewe mchezo kuhusu majirani wanaogombania chumba cha pamoja cha kufulia nguo katika jengo lao. Zawadi aliigiza mjane mzee anayekunja mashati ya marehemu mumewe huku akiimba. Nilipomwona mara ya kwanza, nililia mpaka mama wa Kiswidi aliyekaa kando yangu akanipa kitambaa.

Wiki iliyopita sauti ilimkatika katikati ya mazoezi. Daktari aliingiza kamera kooni, akasema mshipa mdogo umepasuka kwenye nyuzi za sauti. Asiimbe, asiongee, hata kunong'ona asinong'one. Nikamuuliza kama sauti itarudi.

"Mara nyingi hurudi," alisema. "Lakini akiimba sasa, siwezi kuahidi kitu."

Tangu siku hiyo nyumba yangu imekufa.

Zamani nilikuwa namlalamikia: nikimwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiswidi. Sasa hanijibu kwa lugha yoyote. Anaandika kwenye simu na kunionyesha. Juzi nilimsihi asiende. Nilipiga magoti jikoni, mimi mama yake. Akaandika: "Nina miaka kumi na minane, mama. Nitakwenda."

Basi tukaenda.

Kila mmoja wa wale watatu alitakiwa kuimba wimbo wake jukwaani. Wawili wa kwanza waliimba vizuri, siwezi kudanganya. Kisha akaitwa Zawadi. Alitoka na shati jeupe mkononi. Muziki ukaanza. Nilishika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Nilikuwa namwomba Mungu mwanangu asiimbe. Halafu nikajikuta namwomba aimbe, mara moja tu, watu wajue.

Hakufungua kinywa.

Alikunja lile shati. Polepole, mkono mmoja, mkono wa pili, kola. Akalifungua, akalinusa, akalikunja upya. Wapiga vyombo walitazamana, wakaendelea. Wimbo wote ukapita hivyo, bila neno hata moja. Mwisho watu walisimama kupiga makofi. Mimi nilibaki nimeshika kile kiti.

Tuzo alipewa msichana mwingine. Alimkumbatia Zawadi, na Zawadi akatabasamu kama mtu mzima.

Mwalimu wake alinifuata mlangoni, macho mekundu. "Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile," aliniambia. Nilimshukuru. Moyoni nilitaka kumwambia asimsifu mwanangu kwa kunyamaza. Zawadi ni mwimbaji. Aliimba kabla hajaweza kufunga viatu vyake.

Kwenye treni alilaza kichwa begani kwangu akalia. Alilia bila sauti, mdomo umefungwa, kwa kuogopa kujiumiza. Mabega tu ndiyo yalitikisika. Watu wakatazama simu zao, kama kawaida ya huku. Sijui kama kuna kitu kigumu kuliko kumshika mtoto anayeogopa hata kulia.

Nilifikiri hapo ndipo mwisho wa mambo.

Asubuhi hii nilipita mbele ya bafu nikiwa nimebeba nguo za kufua. Maji yalikuwa yanamwagika. Ndani ya maji hayo nikasikia kitu, nikadhani ni bomba. Nikasogea. Alikuwa Zawadi, anajaribu ule wimbo wa mjane. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, imechanika, si ya mwanangu. Ikapanda kidogo, ikakatika. Akajaribu tena palepale ilipokatikia. Ikakatika tena.

Nilikuwa nimeinua mkono nigonge. Daktari alikataza. Kila sauti anayotoa inaweza kuwa ndiyo inayomaliza kila kitu.

Sikugonga.

Keshokutwa tunarudi hospitali. Sasa nimekaa jikoni, naandika, namngoja atoke. Maji bado yanamwagika. Akija akikaa hapa mbele yangu na simu yake, nitamwambia kwamba nimesikia?