Ukoo wa Sultani na Posa ya Yusra

Msambweni,
Kwale.
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Abubakar,

Shikamoo, kaka. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, wifi Zuhura na watoto, na kwamba joto la Muskati halijawakausha. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua, lakini ulimi u salama, kama utakavyoona mbele.

Utashangaa kwa nini nakuandikia na simu ipo. Kwa simu wewe hunikatiza, na habari hii haitaki kukatizwa. Binti wa jirani anarudi kazini huko, nimempa akuletee mkononi.

Mvua za mwaka huu zimetunyeshea vizuri. Mihogo imekubali, na ule mnazi wa nyuma uliotaka kuukata umezaa. Ashukuriwe aliyekuzuia, ambaye ni mimi.

Sasa jambo lenyewe. Unajua Yusra wa kaka Abdulrahim aliposwa na Mwero, yule fundi wa friji wa Ukunda, na kaka akakataa. Kijana hana kasoro: anaswali, ana kazi, na adabu yake inapita kiasi. Mama yake ni Mdigo wa hapa hapa Msambweni. Kosa lake ni baba tu, Mduruma wa kule Samburu ya huku huku Kwale, na kaka akasema hawezi kumwoza bintiye kwa mtu ambaye ukoo wa babaye haujui. Nawe, nakukumbusha tu, ulimwunga mkono. Yusra hakubishana. Aliacha kucheka, basi, na nyumba ikawa nzito kama ya msiba. Iliniuma sana, kaka, maana mtoto yule nimemlea mimi.

Katika hali hiyo ndipo kaka akatuletea paka. Kuna Mbelgiji aliyepanga ile nyumba anayoisimamia kaka kule Diani. Alipokuwa akirudi kwao alimwachia kitoto cha paka chenye madoa, akamwambia mama yake ni paka wa Kibengali, ile aina yenye madoa kama ya chui, wa mbegu safi. Kaka akampa jina Sultani, na tangu siku hiyo hatukupumua. Sultani hali dagaa. Huchambuliwa samaki changu, mwiba mmoja mmoja. Mimi ni dada wa Abdulrahim tangu nizaliwe na sijawahi kuchambuliwa samaki.

Kila mgeni sharti aonyeshwe. Kaka alikuwa amezisoma dalili zote kwenye simu, basi humgeuza paka chali mbele za watu waone kwamba hata tumbo lina madoa. Kisha huwaonyesha alama ya paji la uso, kama herufi M, kisha manyoya, eti yanameta juani. Nikamwambia hata mimi nikijipaka mafuta ya nazi nameta. Akamgeuza paka chali tena.

Jumapili iliyopita washenga wa Mwero wakarudi mara ya pili, wakiongozwa na mjomba wake, Mzee Matano, na sinia la halua limefunikwa kitambaa. Kaka angewarudisha mlangoni. Lakini siku hiyo hiyo alikuwa amemwita Daktari Eunice, yule anayetibu mbuzi wetu, aje athibitishe ukoo wa Sultani, na kaka unamjua, hawezi kuacha watazamaji wapite bure. Akawakaribisha ndani wawe mashahidi. Hebu fikiria, wazee wa watu wamekaa mkekani na posa yao, wanangoja paka apimwe kwanza.

Daktari alimweka mezani, akamtazama meno, akampapasa mgongo. Akayafuata madoa ya ubavuni kwa kidole, akatuonyesha jinsi yalivyojipanga mstari mmoja: ni milia tu iliyokatikakatika. Ile M, akasema, kila paka wa milia anayo, akatuelekeza dirishani. Paka wa jirani alikuwa amekaa hapo akilikodolea sinia macho, na M yake kubwa kuliko ya Sultani. Mwishowe akaeleza kwamba madoa peke yake hayathibitishi kitu. Paka wa mbegu safi hujulikana kwa vyeti vya wazazi wote wawili. Mama huenda ni Mbengali kweli, lakini baba, kwa anavyoona yeye, ni paka wa mtaani.

Kaka akasimama. Akamkumbatia Sultani kifuani, akasema mbele ya wale wazee:

"Baba si hoja. Sisi Wadigo tangu enzi za mababu mtoto ni wa mamaye. Mama ni safi, basi na huyu ni safi."

Mzee Matano alilitazama sinia lake. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la kahawa, nikauma leso nisicheke. Mama, ambaye sote tulidhani amesinzia kitini, akafungua jicho moja.

"Abdulrahim," akasema, "na mamaye Mwero ni wa wapi?"

Kaka alimtazama mama, kisha akamtazama paka. Tulimsikia Yusra nyuma ya pazia akivuta pumzi. Kaka akaketi polepole, akamwomba Mzee Matano afunue sinia.

Ndoa, inshallah, ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa nane. Omba ruhusa mapema kazini. Na usije na maneno ya ukoo, mama bado yu macho.

Juzi Mwero alikuja kututengenezea friji, lile lile linalotunza changu wa Sultani. Jirani akaingia, akamwuliza kaka huyu ni paka wa aina gani. Nikajiandaa kusikia Ubengali. Kaka akamtazama Mwero aliyeinama nyuma ya friji, akajibu, "Wa hapa nyumbani." Mwero hakuinua kichwa, lakini bisibisi ilimponyoka. Yusra akacheka, kaka, kile kicheko chake cha zamani, nami nikashindwa kujizuia, nikalia.

Nisalimie wifi Zuhura na watoto wote. Mama anakuombea riziki ya halali na safari ya salama, na kaka Abdulrahim anakusalimu. Mungu atukutanishe harusini tukiwa wazima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukikosea,
Twaiba